Aliyekataa Kunikata Pichani

Ngoja kwanza nikuulize. Wewe ukipewa picha ya watu wawili, mume na mke wamesimama mlangoni kwao, ukaambiwa mkuze mume peke yake, yule mke utampeleka wapi? Usiharakishe kujibu. Mwaka ule niliofiwa, mtu mzima mwenye akili zake aliulizwa swali hilo hilo hapa Kirumba, akajibu, "Huyo mtupe." Aliyeuliza alikuwa jirani yangu, Mama Chapa. Na wa kutupwa nilikuwa mimi.

Nikae vizuri nikusimulie, maana huyu mama hasimuliwi kwa kusimama.

Tulimwita Mama Chapa kwa sababu ya kazi yake, alikuwa mpiga chapa kwenye ofisi moja ya pamba. Jina alilobatizwa nalijua, ila sitalitaja. Hata yeye ukimwita nalo alikuwa hageuki. Alizaliwa wapi, baba yake nani, mama yake katokea ukoo gani, hayo kawaulize wengine. Mimi nilimjua mdomo wake, mikono yake na mlango wake uliokuwa unatazamana na wangu. Kwa jirani hayo yanatosha, na mengine yanazidi.

Mimi shule niliishia darasa la pili, nikatolewa nikachunge ndama. Kusoma nasoma, lakini nasoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, naruka yale yenye utelezi. Kwa hiyo nikikueleza habari za kompyuta, nakueleza nilivyoziona kwa macho yangu kutoka kwenye kigoda. Mwenye elimu yake asinisahihishe mpaka nimalize.

Ilikuwa miaka ya tisini, kila kitu ruksa. Wanunuzi binafsi wakaingia na mizani yao, ofisi za pamba zikakonda, watu wakapunguzwa kazi. Mama Chapa naye akapunguzwa. Wenzake walipopata mafao yao, mmoja alinunua mashine ya kusaga, mwingine friji ya kuuzia soda. Yeye akaenda mjini kwa Mhindi mmoja mwenye duka la vitambaa, aliyekuwa anabadilisha vitu vya ofisini kwake, akarudi na kompyuta kuukuu kwenye mkokoteni. Sasa mkokoteni na haya mawe yetu ya Kirumba wapi na wapi. Ulifika chini ya mlima ukagoma. Wanaume wakalipandisha lile dubwana mikononi, yeye nyuma anafoka, "Hilo si gunia la dagaa. Libebeni kama mnabeba mgonjwa."

Jioni tukaenda na vigoda vyetu, mtaa mzima. Sisi tulijua ni televisheni. Akatukaribisha, akatugawia chai ya rangi, akaiwasha. Kioo kikawa bluu. Tukasubiri. Akakaa mbele yake akaanza kuandika. Tukamtazama anaandika mpaka chai ikaisha vikombeni. Mzee mmoja akauliza kwa adabu, "Samahani mama, mpira unaanza saa ngapi?"

"Mpira ndio huu," Mama Chapa akajibu bila kugeuka. "Na mchezaji ni mimi."

Watu walimcheka mwaka mzima. Kapunguzwa kazi, kanunua televisheni isiyo na taarifa ya habari. Yeye alikuwa anasema, "Chekeni, kucheka hakuna kodi." Baadaye binti yake aliyekuwa anafanya kazi Nairobi akamletea printa ya rangi na kile kisanduku bapa cha kulalishia picha, skana. Hapo ndipo mtaa ukanyamaza, kisha ukapanga foleni.

Kazi yake ilikuwa hii. Unampelekea picha yako ya karatasi, anailalisha kifudifudi kwenye skana, taa inapita chini yake, picha inaingia kwenye kioo. Akishaipata mle, anaikuza au anaipunguza, anakutolea nyingine. Ulitaka ndogo ya kubandika kwenye kitambulisho cha kiwanda cha samaki, unapata. Ulitaka kubwa ya kutundika ukutani, unapata, ingawa ukiitaka kubwa mno alikuwa anakuonya kwamba itachambuka, uso utakuwa vipande vipande kama ukuta wa matofali.

Sasa sikiliza hapa, maana hapa ndipo ulipokuwa moyo wake. Picha ikiwa kwenye kioo, ilizungukwa na vidoa vidogo, vingine ubavuni, vingine juu, vingine kwenye kona. Ukishika kidoa cha ubavuni ukakivuta, mtu ananenepa. Ukivuta cha juu, anarefuka kama mlingoti. Ukishika cha kwenye kona, anakua pande zote kwa pamoja, anabaki yeye. Mama Chapa alikuwa hashiki cha ubavuni. Ungemwambia kuna mtu atakufa asipokishika, angekuuliza msiba ni lini.

Na waliomwomba walikuwa wengi. Enzi zile mwembamba alitiliwa mashaka, watu walimtazama mara mbili na kunong'ona habari za ukimwi. Wanawake walikuwa wanamwambia, "Mama Chapa, nivute kidogo ubavuni, kidogo tu." Naye anajibu, "Nenda kwako, kula sato na ugali, urudi ukiwa hivyo unavyotaka. Mimi sipiki watu."

Kuna bwana mmoja alivuka na kivuko cha Kamanga kutoka ng'ambo, kashika bahasha kifuani kama mtoto mchanga. Mimi siku hiyo nilikuwepo. Ndani ya bahasha kulikuwa na picha ya ng'ombe. Alikuwa anamwoza kijana wake, na ukweni walikuwa mbali, huko Magu, wakasema watapenda kuona sura ya mahari kabla watu hawajachoka kwa safari.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Lete."

"Nataka hawa ng'ombe wakue."

"Kiasi gani?"

"Mpaka mkwe aogope."

Mama Chapa akawakuza wakajaa karatasi nzima. Yule bwana akaishika, akaisogeza kwenye mwanga, akaisogeza mbali. "Mama, mbona mbavu zimeongezeka?"

"Hazijaongezeka. Zilikuwepo. Ulikuwa huzioni kwa udogo."

"Huwezi kuwashibisha kidogo?"

"Mimi nakuza picha. Kushibisha ng'ombe ni kazi ya nyasi."

Akakaa akafikiri, masikini. Mwisho akasema, "Basi warudishe wadogo. Tena wawe wadogo kuliko walivyokuja." Akavuka nao wakiwa wadogo kama mbegu za mtama, na nilisikia ukweni walikubali, maana baba mkwe macho yake yalikuwa ya shida na hakutaka kukiri mbele za watu.

Ukimharakisha Mama Chapa umekwisha. Mashine yake ilikuwa nzito, ilikuwa inakaa inavuma kabla ya kufanya ulichoiambia. Mteja akihema kwa nguvu, anaambiwa, "Inafikiri. Wewe huwa hufikiri?" Siku moja alikuja bwana wa ofisi ya kata, kavaa shati lenye mifuko minne na kalamu katika kila mfuko, akamwambia anafanya biashara nyumbani bila leseni. Mama Chapa akamzungusha chumba kizima. "Nionyeshe duka. Hili ni kochi. Hiki ni kitanda. Ile ni picha ya Yesu. Duka umeliona wapi?" Yule bwana akaonyesha kompyuta. "Hiyo ni mashine yangu ya kupigia chapa. Nilipopunguzwa kazi mliniambia nijiajiri, sasa nimejiajiri mnanifuata mpaka chumbani. Amueni." Bwana akaondoka. Baada ya wiki akarudi, kachana nywele zake vizuri, anataka picha ndogo za kitambulisho.

Usidhani alikuwa mtakatifu. Alikuwa na kochi la kitambaa chekundu ambalo hakuna makalio yaliyowahi kuligusa. Wageni wote tulikaa vigodani, kochi limevalishwa vitambaa vya kushona linatuangalia. Pilipili alikuwa hakuazimi hata moja, na mti wake ulikuwa unaangusha pilipili chini zinaoza. Picha za watu hakutaka ziseme uongo, lakini umri wake mwenyewe aliudanganya mpaka zahanati, na nywele alipaka piko kila akisikia kuna harusi. Na huyu huyu aliyemzungusha bwana wa kata alikuwa anaogopa radi kuliko mtoto. Wingu likianza tu kujikusanya huko ziwani, anachomoa nyaya zote, anapanda kitandani, anakunja miguu, anaimba tenzi za kanisani kwa sauti ili asisikie. Mtaa ulijua mvua inakuja kwa kumsikia yeye.

Na mimi na yeye tulikuwa hatusemeshani. Sababu ni kuku. Kuku wangu walikuwa wanapenda kivuli cha mlango wake na kuacha zawadi pale, akaja akaniambia neno, nikamrudishia neno, tukamaliza kiangazi kizima tunapishana kama hatujaonana. Hilo nalisema ili ujue kwamba alichonifanyia hakukifanya kwa urafiki.

Mume wangu alikuwa fundi mwashi. Nyumba hii unayoiona kaijenga yeye, katikati ya mawe, mahali watu walisema haitasimama nyumba, atasimama mbuzi. Mimi nilibeba mawe ya msingi kichwani, nilibeba maji kutoka ziwani, nilikanyaga udongo na mimba ya mapacha. Siku tulipomaliza kupiga bati, akapita mpiga picha wa mtaani, mume wangu akamwita. Tukasimama mlangoni. Mimi mikono ina udongo, kitenge kimelowa, yeye kaweka mkono wake begani kwangu. Ndiyo picha pekee nzuri tuliyokuwa nayo. Ndoa ya kanisani hatukufunga. Tuliishi tu, kama walivyoishi wengi, na hakuna aliyeuliza kitu yeye alipokuwa hai.

Akashikwa na homa, siku chache tu, akafariki.

Shemeji yangu, kaka yake mkubwa, akavuka kutoka Sengerema siku ile ile. Alilia mpaka koo likakauka, sitamnyima hilo. Lakini machozi hayajakauka, nikiwa nimekaa kwenye mkeka na wanawake, nikamwona ananyoosha mkono anaitoa ile picha ukutani. Nikamuuliza, "Shemeji, unaipeleka wapi?" Akasema, "Kukuza. Marehemu aonekane." Nikaona ni jambo jema. Nikamshukuru hata.

Yaliyosemwa kwa Mama Chapa nilisimuliwa na mama mmoja aliyekuwa kule anasubiri picha zake, na baadaye Mama Chapa mwenyewe akanirudilia yote bila kupunguza.

"Mkuze marehemu," shemeji akasema. "Ajae karatasi nzima."

"Na huyu?"

"Huyo mtupe."

"Huyu ni nani?"

"Mwanamke aliyekuwa anakaa naye."

"Anakaa naye wapi?"

"Si hapo."

"Hapo wapi?"

"Mama, nimekuja kwa ajili ya picha, sikuja mahakamani."

"Na mimi nauliza habari ya picha. Mkono wa marehemu uko begani kwa huyu. Nikimtupa huyu, mkono niuache unaning'inia hewani?"

"Ukate na mkono."

Mama Chapa akageuka kwenye kiti akamwangalia. "Unataka nimkate marehemu mkono siku ya msiba wake. Nenda kwanza ukawaulize ukoo wako kama ndivyo walivyokutuma."

Hakumkata. Akaikuza yote, mume na mke na mlango nyuma yao, akamkabidhi. Shemeji akaenda nayo kwa fundi cherehani, akaazima mkasi, akafanya mwenyewe alichokataliwa.

Nikaiona jioni, juu ya meza, imezungushiwa maua. Mume wangu yuko peke yake. Mkono umeishia kwenye kiwiko, na pembeni kabisa umebaki ukingo wa kitenge changu. Jamani, nilijua hapo hapo. Mtu hakutoi kwenye picha ili akuache kwenye nyumba. Na kweli, kabla hata ya kuzika, maneno yakaanza kuzunguka kwenye mikeka, kwamba siku ya kuondoa matanga ukoo utakaa, nyumba ni ya ukoo, atakuja kuishi kijana wa shemeji, na mwanamke atarudi kwao na mapacha wake. Kwetu ndiko wapi? Wazazi wangu walishalala makaburini, shamba limeshagawanywa.

Mama Chapa akaja msibani. Akasimama mbele ya ile meza, akaitazama picha muda mrefu. Hakusema kitu, na sisi tuliomjua tukaogopa. Kisha akaja akakaa kwenye mkeka wangu, bega kwa bega, mara ya kwanza tangu habari ya kuku.

"Mama Kulwa, umekula?"

"Sijala."

"Kula. Utaihitaji sauti."

Akainuka akaenda zake.

Kesho yake ilikuwa ndiyo siku ya mazishi. Mjini hapa desturi ilikuwa imeshaingia, waombolezaji kubandikwa utepe mweusi kifuani wanapofika. Wasichana wanapita na sahani ya pini. Asubuhi hiyo Mama Chapa akawaletea wasichana sahani yake, imefunikwa kwa kitambaa chake cha kochi. Akawaambia, kila anayeingia, utepe na hii.

Chini ya kile kitambaa kulikuwa na picha ndogo ndogo, kama za kitambulisho. Usiku kucha alikaa kwenye mashine yake anatupunguza. Ile picha yetu ilibaki ndani ya kompyuta, mkasi haukuifikia. Akaifanya ndogo, akazipanga nyingi kwenye karatasi moja, akatoa karatasi, akatoa nyingine, wino wa bluu ukamwishia akaendelea bila bluu, ndiyo maana wengine tulikuwa wekundu kidogo kama tumetoka kupika. Lakini tulikuwa wote wawili. Mkono begani. Mlango nyuma.

Watu wakaja, wakabandikwa. Wachuuzi wa samaki kutoka Mwaloni, mafundi waashi wenzake, kwaya, watu wa ng'ambo walioteremka na kivuko. Kila aliyeingia, pini, utepe, sisi. Shemeji alikuwa kaburini anasimamia wachimbaji. Aliporudi akakuta uwanja mzima umetuvaa. Akatazama kifua hiki, akatazama kile. Sauti ikamtoka ndogo.

"Nani kaleta hizi?"

"Mimi," Mama Chapa akasema. Alikuwa amekaa mbele kabisa, kajitanda khanga, piko imekolea. "Ile kubwa umeikata, hiyo ni yako. Hizi ni za watu waliokuja kuzika. Kama mkasi bado unao, kata. Anza na mchungaji."

Mchungaji alikuwa ametubandika upande wa moyo, juu ya joho. Akajitazama, akatazama Biblia yake. Msibani watu hawacheki, na hapakuwa na aliyecheka. Lakini vifua vilitikisika, na sisi wawili tukatikisika navyo.

Tukazika.

Siku ya kuondoa matanga ukoo ukakaa, hapo nje, kwenye lile jiwe pana. Mkubwa wao alikuwa baba mdogo wa mume wangu, mzee wa Kisukuma, mrefu, koti lake moja la msibani na kanisani. Lilikuwa na ile pini na picha yetu bado, hakuna aliyeitoa. Shemeji akasimama akasema maneno aliyoyapanga, nyumba ya ukoo, damu ya ukoo, mwanamke hana cheti. Alisema vizuri. Kama isingekuwa mimi ninayefukuzwa ningempigia makofi.

Mzee akaniita mama kwa Kisukuma chake, "Mayu, una neno?"

Ndipo nikajua kwa nini niliambiwa nile. Nikasimama. Nikasema, "Baba, mawe ya msingi huu nimeyabeba mimi, moja moja, kichwa hiki. Anayetaka nitoke, aanze kuyatoa yale mawe. Akimaliza la mwisho, na mimi nitakuwa nimeshafunga mzigo."

Wanawake nyuma wakasema, mmh.

Mzee akalishika koti lake, akalivuta karibu na macho, akamwita shemeji. "Njoo uniangalizie. Huyu mwanamke hapa kwangu ni nani?"

"Ni yule, baba."

"Mkono wa mtoto wetu uko wapi?"

"Begani kwake."

"Nyuma yao kuna nini?"

"Mlango."

"Mlango wa nyumba gani?"

Shemeji akageukia mlango wetu, akautazama.

"Basi," mzee akasema. "Nimezika nikiwa nimewavaa hawa wawili, Kirumba nzima inaniona. Leo nikisema mmoja simjui, watu watasema mzee kapotea akili, na watakuwa wamesema kweli. Mama atakaa na watoto wake. Tuletewe chakula."

Ndiyo hivyo. Shemeji alichukua baiskeli, akachukua mwiko wa mume wangu, timazi na pimamaji, vile vya kupimia ukuta. Achukue. Nyumba ilikuwa imeshasimama wima.

Na Mama Chapa? Nilienda kumshukuru na jogoo. Akampokea jogoo, akanipa chai kigodani, kochi akaninyima. Wiki haijaisha nikasikia mlangoni kwake, "Mama Kulwa, msiba umeisha, kuku wako wametapakaa tena." Nikajua dunia imerudi mahali pake.

Miaka ikapita. Biashara za picha zikafunguliwa kila kona, mashine yake ikazeeka, vipuri vikakosekana, binti yake akarudi nchini akamchukua akaishi naye Nyegezi. Nikasikia macho yake yameingia ukungu. Nikaona siwezi kusubiri mpaka niende kuvalishwa utepe. Nikamchukua mjukuu wangu, mtoto wa Kulwa, msichana mkubwa aliyekuwa anamaliza sekondari, tukaenda.

Tulimkuta barazani, kapungua, lakini mdomo haujapungua. "Shikamoo bibi," mjukuu akamwambia. "Marahaba. Sogea nikuone. Hapana, sogea tena. Sasa rudi nyuma, umenizibia mwanga." Nikamwambia ni mimi. Akasema, "Nimekujua kwa kuhema. Ulikuwa unahema hivyo hivyo ukipanda mlima."

Ukutani kwake kulikuwa na picha ambayo Kirumba sikuwahi kuiona. Mama Chapa msichana, gauni jeupe, ua mkononi. Upande wa kushoto picha imekatwa wima, sawasawa, na kwenye kiuno chake vimebaki vidole vinne vya mwanamume.

Nikashindwa kujizuia. "Mama Chapa. Mimi ulikataa kunikata. Huyu wako mbona umemkata?"

"Wako alikuwa amekufa anakupenda," akasema. "Wangu alikuwa mzima anadai chakula kutoka kwenye mikono yangu aliyoivunja mwenyewe."

"Vidole umeviacha."

"Nimeviacha ili nisisahau nilikata nini."

Akanywa chai. Mjukuu wangu alikuwa hapepesi macho. Mama Chapa akageukia kule alikosikia pumzi yake.

"Wewe binti, nisikilize, usije ukaenda kusema yule bibi alikuwa kigeugeu. Mtu akiwa kwenye picha, akaamua mwenyewe kumtoa aliyesimama naye, hiyo ni shauri yake, alisimama pale, anajua kilichokuwa pale. Lakini mtu ambaye hakuwepo, akaja na mkasi kutoka huko, akakata watu wasio wake, huyo mnyime mkasi. Akiupata, mwongezee picha mpaka achoke."

Mjukuu akasema, "Ndiyo bibi."

"Usiniambie ndiyo bibi. Una mchumba?"

"Bado."

"Kama bado, unayo nafasi. Bibi yako aliokolewa na bega. Kama siku ile mumewe angeweka mkono mfukoni, mimi ningekuwa na nini cha kubishania?"

Hilo lilinichoma, nakwambia kweli. Miaka yote nimejisifu kwa ile picha, sikuwahi kufikiri kwamba nyumba yangu ilining'inia kwenye mkono wa mtu uliotulia mahali pazuri wakati kamera inalia. Tukaaga. Akanishika bega, akalibonyeza kidogo kama anayepima embe, akasema nisikae sana bila kuja. Sikumwona tena. Alizikwa nikiwa nimelazwa na malaria, na mwanangu Kulwa ndiye aliyekwenda.

Ila siku ile, tukitembea kuelekea stendi, mjukuu alikuwa kimya, na huyu mtoto kukaa kimya ni ugonjwa. Nikamuuliza ana nini. Akasimama hapo hapo kwenye vumbi, watu wanatupita na mizigo yao ya mikoani, akanishika mkono.

"Bibi, nakuahidi. Mimi nikiolewa, jina langu litaandikwa kwenye hati ya nyumba kwanza. Mpiga picha tutamwita baadaye."